Kulowa siyo kukojoa: kibofu cha mbwa baada ya upasuaji wa uti wa mgongo

Nimetumiwa tena. Video fupi, dachshund ana mshono mgongoni, kajilaza kwenye tandiko lake, tandiko limelowa chapachapa, na chini yake maneno: "Dokta habari njema!!! ameanza kukojoa mwenyewe, sasa si naweza kuacha kumkamua kibofu?" Nimemjibu kwa upole maana najua huyo mtu hajapata usingizi wa maana tangu mbwa wake atoke oparesheni, ila hapa sibanwi na upole, kwa hiyo naomba niseme kwa sauti: kulowa siyo kukojoa. Mbwa aliyepooza nyuma, mkojo unamtoka akiwa amelala wala hajui kama unamtoka, huyo mara nyingi kibofu kimejaa pomoni na hicho unachokiona kwenye tandiko ni kile kilichokosa nafasi.

Wengi ninaowaona ni wa diski, yale mataita laini yaliyo kati ya pingili za mgongo, hawa wa miguu mifupi, dachshund, French bulldog, pekingese na ndugu zao, diski imepasuka pale kifua kinapoishia na kiuno kinapoanzia, kiini chake kimesukumwa kwenye uti, ile kamba ya neva inayopita ndani ya mifupa ya mgongo, daktari kafanya hemilaminektomi, katoboa mfupa pembeni kakitoa, kamshona, kamrudisha kwenye kizimba. Na hapo ndo watu wanakosea hesabu. Upasuaji unaondoa mgandamizo, hauungi uti wenyewe. Uti unapona kwa muda wake, wiki, saa nyingine miezi, na kipindi chote hicho sehemu iliyo chini ya jeraha inaendelea na mambo yake bila kuuliza kichwani. Inavuta miguu, inatikisa mkia, inamwaga mkojo. Mwenye mbwa anaona, anafurahi, anapiga simu.

Turudi kwenye kibofu. Jeraha likiwa sehemu hiyo niliyoitaja, ile misuli inayofunga njia ya mkojo inabaki imekaza, kwa sababu amri ya kulegea inatoka juu na njia ya kuipitisha ndo hiyo imeumia. Figo hazina habari, zinaendelea kutengeneza mkojo. Kibofu kinajaa, kinavimba, presha ndani inapanda mpaka inaishinda ile misuli kidogo, mkojo unavuja, presha ikishuka mlango unafunga tena, na kibofu bado kimejaa. Anavuja, anavuja, siku nzima. Mwenye mbwa anabadilisha pampasi anasema jamani anakojoa sana huyu.

Sasa kwa nini nakuwa mkali. Msuli wa kibofu ukiachwa umevutika hivo siku kadhaa, nyuzi zake zinaachana mahali zinaposhikana, na zikishaachana kibofu kinakuwa mfuko tu, hakijikunji. Unakuta mbwa uti umepona, anatembea, anafukuza mpira, na kibofu hakifanyi kazi, si kwa sababu ya diski, ni kwa sababu hakikukamuliwa. Hiyo inaniuma kuliko mbwa aliyekosa kutembea kwa sababu jeraha lake lilikuwa kubwa, maana hii ilikuwa inazuilika. Halafu mkojo uliotuama ni shamba la bakteria, na mbwa asiyehisi huku nyuma hatalia wala hatahangaika, anaweza kuwa na maambukizi mazito anakula vizuri tu. Harufu kali, mkojo wenye ukungu, damu, ukiviona peleka, lakini hata usipoviona mkojo wake upimwe na uoteshwe maabara pakiwa na shaka yoyote. Usimpe antibayotiki za kujikinga, tafadhali, utawafuga bakteria sugu halafu utaniletea mimi.

Kukamua kwenyewe ni kila saa 6 hadi 8, usiku pia unahesabika, pole. Msimamishe ukimshikilia au mlaze ubavu, kiganja kimoja kila upande wa tumbo, mbele kidogo ya mapaja, vidole vimenyooka usitumie ncha. Bonyeza kidogo utafute: utalikuta puto lenye maji, linateleza ukiliwahi vibaya. Ukishalipata bonyeza taratibu, ongeza nguvu taratibu, elekeza nyuma, halafu SHIKILIA. Wengi wanabonyeza wanaachia wanabonyeza wanaachia, kila ukiachia mlango unafunga unaanza upya. Mkojo ukianza kutoka endelea na nguvu ileile mpaka mkondo uishe, pumzika, tafuta tena, na safari hii usikute kitu cha maana. Kama kimekaza kama jiwe na hakitoi hata tone, acha, usishindane nacho, kibofu kinaweza kupasuka. Piga simu. Zipo dawa za kulegeza mlango, prazosini ni mojawapo, na yapo mazingira ambayo mpira wa mkojo ni salama kuliko mikono. Dozi siandiki hapa, aliyemwona mbwa ndo ataandika.

Mikono yako ikubali kujifunza. Mwombe daktari akuonyeshe, halafu wewe ufanye yeye akiwa anaangalia, kabla hujamchukua mbwa. Watu wanatoka kliniki na mfuko wa vidonge na karatasi imeandikwa "kamua kibofu mara tatu au nne kwa siku" na hakuna aliyewahi kuwashikisha kile kibofu. Hiyo ni aibu yetu sisi.

Kukojoa kwa kweli kukoje basi? Unamtoa nje, umemshikilia kwa mkanda au taulo, ananusa, anachagua mahali, anajaribu kukaa mkao wake, mkojo unatoka kwa mkondo, anauanzisha yeye na kuukata yeye. Ukimrudisha unakipapasa kibofu: kidogo, laini. Hapo ndo tunaanza kuongea. Na hata hapo mimi napenda kuweka ultrasaundi nione kilichobaki, kwa sababu wapo wanaotoa nusu wakabakiza nusu. Angalia pia huo mkanda wako umepita wapi. Ukimnyanyua kwa taulo lililopita katikati ya tumbo unamkamua bila kujua, mkojo unachuruzika, unashangilia. Lisogeze nyuma karibu na mapaja au tumia mkanda wa nyonga, halafu uniambie kama bado anakojoa.

Kosa ni lilelile kwenye miguu. "Nimemfinya kidole dokta, akavuta mguu, anahisi!" Hapana. Kuvuta mguu ni rifleksi, taarifa inaingia kwenye uti na jibu linatoka palepale, ubongo haukuhusika. Tukipima maumivu ya ndani tunabana mfupa wa kidole kwa koleo na macho yetu yako kichwani kwa mbwa: kageuka? kalia? kataka kuuma? mboni zimetanuka? Mguu unaweza kurudi kwa nguvu zote na kichwa kinaangalia ukuta, na mbwa huyo hahisi. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa, kwa sababu aliyekuwa bado anahisi kabla ya upasuaji ana nafasi ya kutembea tena karibu 9 kati ya 10, aliyepoteza kabisa ni takriban nusu kwa nusu. Na usichukue koleo la kubania nyaya ukampima nyumbani, najua mmoja wenu ameshalifikiria. Kama unataka kitu cha kuangalia, angalia mkia, lakini usimguse. Simama mlangoni, ita jina lake. Mkia ukitikisika kwa sababu kakusikia, hiyo amri imetoka kichwani ikafika mkiani, na nitafurahi na wewe. Mkia unaotikisika wakati unamfuta makalio hauhesabiki.

Hapa niwe mkweli, kuna eneo sina uhakika nalo. Wapo mbwa ambao hawakurudisha hisia kabisa na baada ya miezi mingi wanaanza kutembea, wanayumba, miguu ya nyuma inakwenda na yake ya mbele na yake. Vitabu vinaeleza vizuri kwamba hiyo ni rifleksi ya uti peke yake. Mimi nikimwangalia mbwa mmoja mmoja siwezi kukuapia kama ni rifleksi tupu au kuna nyuzi chache zilizosalia ambazo vipimo vyetu havizioni. Mwenye mbwa hajali, mbwa kafika kwenye bakuli. Sawa. Ila mbwa huyo kwa kawaida bado hatawali mkojo wake, kwa hiyo "anatembea basi kibofu kimepona" nayo ifutwe.

Mapumziko: kizimba au kona ndogo, wiki 4 hadi 6, hakuna ngazi, hakuna kuruka kwenye kochi, nje ni kwa haja tu na amefungwa kamba. Ukiniuliza kwa nini 4, kwa nini 6, jibu langu lina mazoea mengi kuliko ushahidi. Mazoezi: kukunja na kunyoosha viungo taratibu, kumsimamisha kidogo, baadaye kutembea kwenye maji. Kuna jaribio zuri lililochapishwa 2018, mbwa ambao uti wao uliumia ila haukuharibika wote, waliopewa fiziotherapia nzito mapema baada ya upasuaji hawakupona haraka kuliko waliopewa ya kawaida. Ilikuwa salama, haikuongeza kasi. Haipendezi kwa mtu anayeishi kwa kazi hiyo. Bado naifanya, kwa sababu viungo visivyosogezwa vinakaza, na mikono inayompapasa mbwa kila siku ndo inayogundua kidonda kwenye nyonga kikiwa bado wekundu tu. Mgeuze kila saa chache, ngozi iliyolowa ioshwe ikaushwe. Pampasi ruksa, ila inakuficha kiasi cha mkojo, na isikae ikiwa imelowa.

Kitu kimoja cha kuogopa siku za mwanzo. Kibofu kilichokuwa kigumu jana leo kinamwaga kwa kuguswa tu. Inaweza kuwa dawa imeshika. Lakini kama hapohapo miguu ya nyuma imelegea tepetepe, mkundu umeachia, tumbo limekosa nguvu, mbwa anahangaika, na ganzi inapanda kuelekea mbele, huo ni uti unaoyeyuka, mielomalasia. Kwa waliopoteza hisia inawapata takriban mmoja kati ya 10, ripoti nyingine zinasema zaidi. Ikifika kwenye misuli ya kupumua mbwa hufa, na hatuna tiba ya kuisimamisha. Usisubiri asubuhi, piga simu saa hiyohiyo ili asiteseke.

Na kwa kuwa najua swali linalofuata: kinyesi hakikamuliwi. Kwa wengi wao kinatoka chenyewe kwa rifleksi, saa nyingine katikati ya kutembea, saa nyingine ukiwa umembeba. Na hapana, hicho nacho usinitumie video.