Ruzuku ya utafiti si fedha za mradi

Maandiko mengi ninayoombwa kuyapitia kabla hayajapelekwa kwa wafadhili wa tafiti za uchumi na sayansi ya tabia yamebeba dhana ileile, kwamba andiko hupita likionyesha jinsi fedha zitakavyowasaidia wananchi wengi. Mwombaji hueleza kwa ufasaha umaskini wa wilaya yake, huomba fedha za kuwagawia wanawake 400 vifaranga au mitaji, kisha mwishoni hutenga kiasi kidogo cha tathmini. Huo ni mradi wa maendeleo, na kuuandikia neno utafiti juu ya jalada hakuugeuzi.

Mfadhili wa utafiti hulipia jibu la swali ambalo bado halijajibiwa. J-PAL, mtandao wa watafiti wanaopima sera za kupunguza umaskini ulioanzishwa katika chuo kikuu cha MIT cha Marekani mwaka 2003, kwa kawaida hutarajia huduma inayopimwa itolewe na mshirika, iwe serikali au asasi, na ruzuku ielekezwe zaidi kwenye ukusanyaji na uchambuzi wa takwimu. Kama SACCOS tayari inawatumia wanachama ujumbe wa kuwakumbusha kuweka akiba, uliza iwapo kuitaja ada ya shule ndani ya ujumbe huo kunaongeza kiasi kinachowekwa. Wanachama wagawanywe kwa bahati nasibu, na kumbukumbu za SACCOS zenyewe zitoe takwimu. Gharama yake ni ndogo, na swali lake linajibika.

Dhana hiyo ya kuwasaidia wengi huzaa kosa linalonikera zaidi, nalo ni kuamini kwamba wingi wa watu unatosha. Watu 400 wa vijiji vinne, viwili vikipewa huduma na viwili visipewe, hawawi sampuli ya 400, kwa sababu mvua, bei ya mazao na uongozi wa kijiji huwagusa wanakijiji wote kwa pamoja. Kinachohesabika hasa ni vijiji vinne. Aidha, ukitaka kugundua athari iliyo nusu ya ile uliyotarajia, sampuli huongezeka mara nne, si mara mbili. Ndiyo maana ninasisitiza, hata kwa wanaonuna, kwamba majedwali ya matokeo yachorwe yakiwa matupu kabla ya utangulizi kuandikwa: asiyejua ni namba gani itaingia katika kisanduku kipi hajawa tayari kuomba fedha.

Wapo wanaoamini kwamba bila profesa wa Ulaya au Marekani hawapati kitu. AERC ya Nairobi, taasisi ya utafiti wa uchumi barani Afrika iliyoanzishwa mwaka 1988, ipo kwa ajili ya wanauchumi wa Afrika, na PEP, mtandao wa utafiti wa sera za uchumi, hufadhili timu za nchi zinazoendelea kwa sharti kwamba angalau nusu ya wanatimu wawe wanawake. Timu ya wanaume watupu inayolalamika kukataliwa haikusoma tangazo.

Barua ya chuo pekee nayo si kibali. Kenya inadai leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kwa sheria ya mwaka 2013, na Tanzania kuna kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, mbali na idhini ya kamati ya maadili, ambayo majaribio ya tabia huihitaji ijapokuwa hakuna anayechomwa sindano.

Wanaosema kwamba fedha za utafiti zilikwisha USAID, shirika la misaada la Marekani, lilipofungwa mwaka 2025 wanakosea, ingawa pengo lipo, hasa kwa asasi zilizokuwa zikitoa huduma zinazopimwa. Kwa hiyo, kabla ya kuandika andiko, pata barua ya mshirika inayotaja nani ataigharimia huduma hiyo mpaka takwimu za mwisho zikusanywe.