Dawa ya MRI inayosubiri zinki: maswali kutoka Mtwara

Shikamoo daktari. Baba yangu wa Newala ana shida ya tezi dume. Ameandikiwa MRI Dar es Salaam na ameambiwa atachomwa dawa. Dawa hiyo ni ya nini?

Marahaba. MRI hupata picha kwa sumaku na mawimbi ya redio, ikitegemea haidrojeni iliyo ndani ya maji ya mwili. Dawa atakayochomwa mshipani kwa kawaida ina gadolini, metali yenye nguvu ya sumaku. Maji yanapoigusa, sehemu ile hung'aa kwenye picha. Dawa za namna hii zilianza kuidhinishwa mwaka 1988. Gadolini ikiwa peke yake ni sumu, ndiyo maana hufungiwa ndani ya molekuli inayoishika barabara mpaka itoke na mkojo. Kama mzee ana tatizo la figo, aseme mapema, kabla hata ya kupanda basi.

Kuna dawa inayong'aa ikikuta madini fulani tu?

Ipo, ila bado iko mikononi mwa watafiti. Mwaka 1999 Thomas Meade na wenzake, Marekani, walieleza dawa ya kutambua kalsiamu. Kalsiamu ikiwa kidogo, vipande vya molekuli huikinga gadolini isiguswe na maji. Ikiongezeka, vipande hivyo huigeukia kalsiamu, maji yanapata njia, na picha inang'aa.

Mimi inayonivutia zaidi ni ile ya zinki, ya kundi la Dean Sherry kule Texas. Ikishashika zinki, hunasa kwenye albumini, protini kubwa ya damu. Molekuli iliyokuwa ikizunguka kwa kasi sasa inazunguka polepole, na mng'ao unaongezeka.

Zinki na tezi dume wapi na wapi?

Tezi dume yenye afya hujaza zinki kuliko karibu kiungo kingine chochote laini, na saratani ikiingia zinki hiyo hupungua sana. Watafiti waliwapa panya glukosi, tezi yenye afya ikamwaga zinki na kung'aa. Yenye saratani ikang'aa kidogo. Kongosho nalo humwaga zinki pamoja na insulini, kwa hiyo wanaochunguza kisukari wanaifuatilia njia hiyohiyo.

Korosho zina zinki. Baba akila nyingi, picha itaharibika?

Swali la Kusini hilo! Hapana. Dawa atakayochomwa haijali zinki kabisa. Hata hiyo ya utafiti inatazama zinki inayomwagwa na seli kwa wakati ule, na mwili huidhibiti zinki ya chakula.

Basi asubiri dawa hiyo mpya ifike?

Asisubiri. MRI ya kawaida, kipimo cha damu cha PSA, protini itokayo kwenye tezi dume, na kinyama kinachokatwa kwenye tezi kwenda maabara ndivyo vinavyotumika leo. Aende na majibu yake ya kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, na amwambie mtaalamu kama ana betri ya moyo au chuma chochote mwilini.