Mafunzo tarajali ya tiba ya muziki: saa 1,200 zinakwenda wapi?

Neno tarajali wengi tunalijua kwa madaktari: mtu kamaliza masomo, anapelekwa hospitali kufanya kazi yenyewe chini ya jicho la aliyebobea kabla hajaachiwa wagonjwa. Tiba ya muziki nayo ina kipindi hicho, na hapo ndipo mpiga gitaa mzuri anapogundua kwamba upigaji wake mzuri haukuwa jambo lenyewe.

Tiba ya muziki ni matumizi ya muziki kufikia lengo ambalo si la kimuziki: mguu usogee, neno litamkwe, pumzi itulie, mtoto azoee kusubiri zamu yake. Lazima kuwe na tathmini ya mgonjwa, lengo linalopimika na kumbukumbu iliyoandikwa. Bendi inayotumbuiza wodini siku ya sikukuu haifanyi tiba kwa maana hii. Wala ngoma ya kupunga pepo, ambayo ina utaratibu wake na wenyewe.

Tuchukue Marekani, kwa kuwa ndiko Chuo Kikuu cha Michigan State kilikoanzisha programu ya shahada ya fani hii mwaka 1944. Huko shahada ya kwanza bado inatosha kuingia kazini, lakini American Music Therapy Association, chama cha wataalamu wa fani hii, inadai angalau saa 1,200 za mafunzo ya kliniki. Asilimia 15 au zaidi, yaani saa 180, zifanyike wakati mwanafunzi yuko chuoni. Asilimia 75 au zaidi, yaani saa 900, ziwe za tarajali yenyewe. Saa 120 zinazobaki chuo huzipanga upande wowote. Ukifanya kazi saa 40 kwa wiki, saa 900 ni wiki 22 na nusu, na ndiyo maana watu husema tu "miezi sita". Nafasi nyingi hazina mshahara, kwa hiyo kodi ya nyumba ipigiwe hesabu mapema. Mwenye shahada nyingine ya muziki harudii yote. Husoma masomo ya tiba yanayokosekana, lakini saa zile hazikwepeki.

Siku za mwanzo mtarajali hutazama. Kisha husaidia, kisha huongoza sehemu ya kipindi, halafu kipindi kizima msimamizi akiwa pembeni. Mwishoni hubeba orodha yake ya wagonjwa.

Mfano mmoja unaonyesha kazi ilivyo. Mgonjwa wa kiharusi anajifunza kutembea upya. Kwanza hakuna muziki: mtarajali anahesabu hatua kwa nusu dakika, anapata 27, yaani 54 kwa dakika. Anatega metronomu, kifaa kinachogonga mdundo wa kasi isiyobadilika, kwenye 54 hiyohiyo na kupiga gitaa juu yake. Hatua zikishika mdundo, anapandisha kwa asilimia 5 hivi, 57, baadaye 60. Kabla ya kumaliza anazima kila kitu na kuhesabu tena, maana shabaha ni mgonjwa atembee hivyo nyumbani ambako hakuna gitaa.

Makosa hapa yanajulikana. La kwanza ni kuchagua wimbo mtarajali anaoupenda, wenye mapigo 100 kwa dakika; mgonjwa anaukimbiza na kupepesuka. La pili ni wimbo wa mapigo matatu: kutembea ni kushoto-kulia, kwa hiyo pigo zito litaangukia mguu huu sasa na ule baadaye. La tatu huwapata hasa wanamuziki wasikivu: mgonjwa anachelewa, nao wanapunguza mwendo kumfuata. Kwenye kutembea mdundo hausubiri mtu. Ukiyumba, mguu umekosa pa kushika.

Kwa mgonjwa aliyefadhaika, kanuni inageuka. Hapo muziki ndio unaoanza kumfuata: kasi na nguvu yake ilingane na hali aliyo nayo, kisha ishushwe kidogokidogo. Ukimwanzia na wimbo wa kubembeleza mtu anayepiga ngumi meza, atakuona hujamsikia. Kujua lini uongoze na lini ufuate ndilo somo gumu kuliko yote, na kitabu hakilifundishi.

Jioni kuna faili. "Mgonjwa alifurahia muziki" hurudishwa na kalamu nyekundu. Kinachotakiwa ni hivi: mita 10 kwa sekunde 24 kabla ya kipindi, sekunde 19 baada yake, bila mdundo. Mtaalamu wa viungo akisoma hivyo anaelewa mara moja, na anayelipia huduma pia.

Chuoni kwenyewe kwa kawaida huingii bila usaili wa muziki, na kabla ya kumaliza lazima umudu kuimba, gitaa na kinanda. Ustadi wa jukwaani si lazima. Uwezo wa kuhamisha wimbo papo hapo kwenye kii nyingine, yaani kuupandisha au kuushusha sauti, ni lazima, kwani sauti za wazee huwa zimeshuka na kii ya kwenye rekodi huwashinda.

Baada ya tarajali kuna mtihani wa Certification Board for Music Therapists, bodi inayotoa vyeti vya kazi hii: maswali 150, yanayohesabiwa 130. Ukifaulu unapata cheti cha MT-BC (Music Therapist – Board Certified), ambacho huhuishwa kila baada ya miaka 5. Baadhi ya majimbo, kama Nevada, North Dakota na Georgia, yanataka leseni pia. Uingereza njia ni nyingine: shahada ya uzamili, kisha usajili wa HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya, na jina la kazi hiyo limelindwa kisheria.

Ajira ziko hospitali, shule za watoto wenye mahitaji maalumu, vituo vya afya ya akili, nyumba za wazee na huduma za wagonjwa walio mwishoni mwa maisha. Wengi huanza kwa mikataba ya saa badala ya ajira ya kudumu. Hapo soma mkataba vizuri: mara nyingi inayolipwa ni saa ya kipindi tu, huku safari, kusafisha ala kati ya mgonjwa na mgonjwa, na kuandika faili vikibaki juu yako.