Kaiju: mnyama mkubwa asiyetujua

Kaiju ni neno la Kijapani, na Kiswahili chake cha karibu ni "mnyama wa ajabu". Sehemu ya kwanza, kai, ina maana ya jambo geni, la kutisha, lisiloelezeka. Ya pili, ju, ni mnyama. Siku hizi neno hili limekuwa jina la aina nzima ya filamu: zile ambazo kiumbe aliyepita urefu wa majumba anatoka baharini au ardhini na kuuvuruga mji. Gojira ndiye mashuhuri kuliko wote, yule ambaye nje ya Japani anaitwa Godzilla.

Sisi wa Malindi hatuna sababu ya kuliona neno hili la mbali sana. Mwaka 1415 wajumbe kutoka mji huu walimfikishia Yongle, mfalme wa China, zawadi ya twiga. Katika kasri lile watu walimtazama mnyama mwenye shingo ile na madoa yale, wakamfananisha na qilin, mnyama wa hadithi zao ambaye kutokea kwake ni ishara ya utawala wa haki. Mpaka leo Mjapani akimtaja twiga husema kirin, na hilo ni jina lile lile la qilin kwa matamshi ya Kijapani. Twiga wetu si kaiju wa filamu, wala hakuvunja nyumba ya mtu. Lakini hisia iliyowapata wale waliomwona akishushwa chomboni ndiyo hisia iliyomo ndani ya kai: kuona kitu kilicho hai, kinachopumua, na kukosa mahali pa kukiweka katika akili yako.

Kwa Kiswahili tuna zimwi, tuna jitu, tuna dubwana. Nilidhani moja kati ya hayo lingetosha, mpaka nilipomwonyesha mjomba wangu filamu ya kwanza ya Gojira, ile ya 1954, kwenye kompyuta yangu, tukiwa tumekaa nyumbani kwake Shela, upande wa mji wa zamani. Mjomba amevua samaki tangu hajabaleghe. Alitazama kimya nusu saa, kisha akaniuliza, "Hili litasema lini?"

Swali hilo ndilo lililonifungua macho. Zimwi la ngano zetu husema. Huimba, hudanganya, huposa binti wa watu, hunusa na kuuliza harufu ya mwanadamu inatoka wapi. Ukiwa mwerevu utapatana nalo, na ndiyo maana wazee wakasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kaiju hakujui. Hana maneno wala hana kisasi nawe. Mguu wake unaishukia nyumba yako kwa sababu nyumba ilikuwa njiani, basi. Huwezi kumbembeleza, huwezi kumtolea hila ya sungura. "Dubwana" linakaribia kidogo kwa ukubwa, ila dubwana halina asili, na kaiju asiye na asili ni mdoli tu wa kuvunjia majumba. Asili yake ndiyo kiini cha dhana yenyewe.

Kabla ya Gojira wapo waliotangulia. King Kong wa 1933, sokwe aliyepanda jengo la Empire State huko New York, alikuwa sanamu ndogo yenye urefu wa kama nusu mita, ikisogezwa kidogo kidogo kwa mkono na kupigwa picha moja moja. Mwaka 1952 filamu ile ilirudishwa kwenye majumba ya sinema ikavuta watu wengi upya. Mwaka uliofuata Marekani ikatoa filamu ya mnyama wa kale aliyeamshwa na bomu la atomiki katika barafu ya kaskazini. Huko Japani, prodyusa Tomoyuki Tanaka wa studio ya Toho alikuwa amepotelewa na filamu aliyopanga kuitengeneza pamoja na Waindonesia, akahitaji nyingine upesi. Wazo la mnyama wa baharini lilikuwapo. Lililolipa wazo hilo roho ni habari za wavuvi.

Alfajiri ya tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, visiwa vya Marshall. Nguvu yake ilifika megatani 15, zaidi ya mara mbili ya walivyotarajia waliolitengeneza. Nje ya eneo lililopigwa marufuku kulikuwa na chombo cha Kijapani kilichokwenda kuvua jodari, jina lake Daigo Fukuryu Maru, na ndani yake watu 23. Waliona upande wa magharibi unawaka kama jua linachomoza pasipo pake. Saa chache baadaye likaanza kuwanyeshea vumbi jeupe, vumbi la matumbawe yaliyosagwa na mlipuko. Hawakujua ni nini. Waliendelea kukusanya nyuzi zao huku vumbi likiwaingia machoni na puani. Walipofika bandari ya Yaizu tarehe 14 Machi ngozi zao zilikuwa zimebabuka, na sehemu ya jodari wao ilipelekwa sokoni kabla watu hawajajua. Hofu ikaenea nchi nzima, jodari wakapimwa mionzi, waliokutwa nayo wakafukiwa. Aikichi Kuboyama, fundi wa redio wa chombo hicho, alifariki tarehe 23 Septemba.

Filamu ya Gojira ilitoka tarehe 3 Novemba mwaka huo huo, siku 41 baada ya kifo hicho. Inaanza na mabaharia wanaopumzika juu ya chombo, mmoja akipiga gita, kisha mwanga mkali unatoka baharini na chombo kinateketea. Hakuna Mjapani aliyeketi katika ukumbi ule aliyehitaji kuelezwa. Mjomba wangu naye nilikuwa sijamweleza lolote, lakini hapo alisogea mbele kwenye kiti. Kisha tukafika kwenye kisiwa cha Odo, ambako wavuvi wanarudi na nyavu tupu na mzee mmoja anasema ni kazi ya Gojira, na kwamba zamani samaki walipoadimika msichana aliwekwa juu ya chelezo akasukumwa baharini kuwa sadaka. Vijana wanamcheka mzee. "Hao wanaocheka," mjomba akasema, "ndio watakaokuwa wa kwanza."

Hapa ndipo panapoonekana kwa nini filamu ile haizeeki. Mwongozaji wake, Ishiro Honda, alikuwa askari, na alipokuwa akirudi nyumbani baada ya vita alipita Hiroshima akaiona ilivyobaki. Watengenezaji waliifanya ngozi ya Gojira ifanane na makovu ya watu walionusurika na bomu. Yule mnyama anayeichoma Tokyo, aliyetolewa baharini na majaribio ya bomu la haidrojeni, ameungua yeye mwenyewe kabla yetu. Baada ya usiku wa maangamizi kamera haibaki kushangilia ukubwa wake. Inaingia hospitalini, ambako majeruhi wamelazwa sakafuni, na mtoto anapimwa mionzi huku kifaa kikilia mfululizo na daktari akitikisa kichwa. Kabla ya hapo, moto ukiwa umewazunguka, mama amewakumbatia wanawe chini ya ukuta akiwaambia kwamba karibu watakuwa pamoja na baba yao. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi na bado siizoei.

Kwa hiyo tukitaka jina la Kiswahili lenye asili kama ya kaiju, tuache zimwi, tumwendee nunda. Kama nilivyosimuliwa mimi, sultani alikuwa na paka. Paka akakamata ndama, watu wakaenda kushtaki, sultani akasema paka ni wangu na ndama ni wangu, mwacheni. Akala mbuzi, akala ng'ombe, akala punda, na kila mara jibu likawa lile lile. Akaanza kula watu. Jibu halikubadilika. Siku alipowala wana wa sultani mwenyewe, ndipo sultani akanena kwamba huyu si paka tena, ni nunda mla watu. Mnyama hakugeuka siku hiyo. Alikuwa anakua tangu ndama wa kwanza, mbele ya macho ya mwenye amri, kwa chakula alichoruhusiwa. Kaiju wa asili ndiye huyo: mkubwa kwa sababu kuna mtu aliyekuwa na uwezo wa kumzuia angali mdogo, na hakumzuia.

Tofauti iko katika mwisho. Nunda anapouawa na mwana mdogo wa sultani kuna shangwe. Gojira anapokufa hakuna anayecheza ngoma. Mwanasayansi Serizawa amegundua kitu kinachoharibu oksijeni ya majini na kuyeyusha kila kiumbe, na anajua serikali zikikipata zitakifanya silaha. Anachoma maandishi yake yote, anazama na mtambo wake hadi chini ya bahari, anaufungua, kisha anakata kamba yake asirudi juu, ili siri ile ife naye. Tunamwona Gojira akiinuka mara moja juu ya maji, akilia, kisha anabaki mifupa. Profesa mzee aliye juu ya meli hafurahi. Anasema haamini kwamba huyo alikuwa wa mwisho, na majaribio ya mabomu yakiendelea mwingine atatokea.

Anayetaka kuitazama aitafute ile ya Kijapani, ya dakika 96. Ile iliyopelekwa Marekani mwaka 1956 ilikatwa, ikaongezwa mwandishi wa habari wa Kimarekani, na mengi ya uchungu wa bomu yakaondolewa. Aliyeiona hiyo peke yake amemwona mnyama akakosa habari yake.

Kuna na jambo la mikono. Ndani ya Gojira alikuwamo mtu, Haruo Nakajima, amevaa vazi zito la karibu kilo 100, chini ya taa kali, akizimia kwa joto. Alikwenda bustani ya wanyama kutazama tembo na dubu wanavyokanyaga. Mji wa Tokyo ulijengwa kwa udogo, mita 25 za kweli zikawa mita moja, na Eiji Tsuburaya aliyesimamia maajabu hayo alipiga picha kwa kasi zaidi ya kawaida ili zikionyeshwa mwendo upungue. Sababu yake mtu wa pwani anaijua bila kufundishwa. Nazi ikidondoka huioni ikipita, unasikia imefika. Mnazi mzima ukikatwa unainama, unasita, ndipo unashuka. Macho yetu yanapima ukubwa kwa namna kitu kinavyochelewa kuanguka. Na ile sauti yake si ya mnyama yeyote: mtunzi wa muziki, Akira Ifukube, alitumia glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu wa msonobari, ikaburutwa juu ya nyuzi za fidla kubwa ya besi, ile inayosimamishwa sakafuni kama tunayoiona katika picha za vikundi vya taarabu ya zamani, kisha rekodi ikachezwa polepole. Nadhani sikio linatambua kwamba kuna mkono wa mtu unaosugua pale, hata pasipo kuambiwa.

Walifuata wengine: Rodan wa angani mwaka 1956, nondo Mothra mwaka 1961, kobe Gamera mwaka 1965. Baadhi walikuja kuwa marafiki wa watoto na walinzi wa dunia, na watoto walistahili furaha hiyo. Lakini kila Gojira anaporudi kwa uzito, anarudi kule kule: mwaka 2016 Japani ikiwa bado na jeraha la tetemeko, tsunami na mtambo wa nyuklia wa Fukushima, na mwaka 2023 katika hadithi ya nchi iliyotoka vitani bila kitu, filamu iliyopata tuzo ya Oscar ya madoido ya picha, yale maajabu ya aina ya Tsuburaya.

Filamu ilipokwisha mjomba hakuuliza habari za Gojira. Nilikuwa nimemsimulia chombo cha jodari, na alitaka kujua kilikwenda wapi. Nikamwambia kipo, kimehifadhiwa Tokyo ndani ya jumba lililofunguliwa mwaka 1976, watu wanakwenda kukitazama. Nikamtafutia picha. Ni chombo cha mbao, kiliundwa 1947, urefu wake karibu mita 29. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akapita nayo ubavu mzima kuanzia omo hadi tezi, ubao kwa ubao, akisimama kila palipounganishwa. "Fundi wake alikuwa fundi," akasema, na akaniomba nimwonyeshe upande wa pili.