Tairi la mbele kwa udongo, la nyuma kwa lami

Mtu akiingia karakana kwangu hapa Kisumu na skrambla iliyoisha matairi, swali lake la kwanza huwa la kampuni: Pirelli au Dunlop, Kenda au Michelin? Langu la kwanza huwa la udongo. Unafanya kazi upande gani? Mvua ya saa tisa mchana ikikukuta, inakukuta kwenye barabara ya namna gani? Afisa wa mifugo anayezunguka Nyakach ya chini na mwalimu anayepanda Nandi Hills kila Ijumaa wanaweza kuja na pikipiki za aina moja, na kila mmoja akaondoka na matairi tofauti.

Skrambla ninayoizungumzia ni ile yenye taa, namba na springi ndefu, inayotembea lami asubuhi na kufika mchana ikiwa shambani. Taabu ya matairi yake iko hapo hapo. Karibu kila kitu kinacholisaidia tairi kwenye tope hulipunguzia nguvu kwenye lami.

Makampuni hujaribu kulieleza jambo hili kwa tarakimu. Utaona tairi limeandikwa 50/50 au 80/20, maana yake sehemu ya lami na sehemu ya nje ya lami. Kwetu tarakimu hizo hazitoshi, kwa sababu hazisemi ni udongo gani. Murram kavu ya Siaya, ule udongo mwekundu wa changarawe, na tope la tambarare ya Kano yote yako nje ya lami, lakini yanadai mambo yanayopingana.

Chukua Kano. Kuanzia Ahero kushuka kwenye mashamba ya mpunga, udongo ni ule mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kuvimba ukinyeshewa. Ukilowa hung'ang'ania chochote unachogusa. Watu hutazama urefu wa meno ya tairi, lakini hapa kinachoamua ni nafasi kati ya jino na jino. Tairi linapozunguka linatakiwa kulitupa tope nje kabla jino halijarudi chini. Nafasi ikiwa ndogo, tope linabaki, linajaza, na baada ya mita chache tairi limekuwa duara laini kama chungu ambacho hakijachomwa. Hapo meno yawe marefu vipi, hayana kazi tena kwa sababu hayagusi ardhi. Upana nao unahesabika. Tairi jembamba la mbele, kama 80/90-21 lenye upana wa milimita 80, hukata tope na kutafuta sakafu ngumu iliyo chini, lakini pana huelea juu na kwenda litakako. Tena kabla ya kununua tairi lolote, angalia madigadi ya mbele. Kama imekaa karibu na tairi, udongo wa Kano utajaa hapo katikati na gurudumu litasimama kabisa, hata ungefunga tairi la bei gani. Na kuna siku ambazo tope hilo halina tairi lake. Unasubiri jua, au unazungukia njia nyingine.

Murram ni habari nyingine. Ile nyekundu ya Vihiga, Kakamega na Siaya ikiwa kavu, chini ni ngumu na juu kuna changarawe za duara zinazotembea, hasa wiki ile greda imetoka kupita. Meno marefu yaliyoachana hayapati pa kuzama, yanapinda tu juu ya changarawe. Hapa nataka vipande vingi, vifupi, vyenye kingo kali. Ikinyesha, sehemu iliyoshindiliwa hupata utando mwembamba wa tope unaoteleza vibaya, na kingo hizo hizo ndizo zinazoupasua. Zikishakuwa mviringo kwa kulika, tairi hilo bado linaweza kuonekana lina meno ya kutosha, lakini kwenye murram iliyolowa limekwisha. Pitisha kidole kwenye kingo, usitazame kina peke yake.

Kwenye mawe ya Maragoli au ukipandisha ukingo wa Nandi, jambo kubwa ni ubavu wa tairi na upepo uliomo. Nitafika huko.

Halafu lami. Tairi la meno makubwa lina mpira mchache unaogusa barabara. Kwenye kona meno hupinda na pikipiki huhisi kama inakwepa, ukifunga breki kwenye lami iliyolowa unasimama mbali zaidi, na joto la safari ndefu hulila haraka. Ukanda wa miwa, Chemelil hadi Muhoroni, una hatari ya ziada: trekta hutoka shambani na kuburuta tope hadi juu ya lami, na unalikuta kwenye kona bila onyo. Kwa wanaokwenda mbio, yapo matairi ya skrambla yaliyotengenezwa kwa ajili ya mashindano tu, yenye alama NHS ubavuni. Hayakukusudiwa barabara kuu. Mpira wake ni laini, na kwa kazi ya kila siku huwa unatupa pesa.

Basi msimamo wangu ni huu: usinunue jozi kwa sababu zinafanana. Tairi la mbele lichague kwa ajili ya udongo mbaya kuliko wote unaoupitia, la nyuma kwa ajili ya barabara inayokula kilomita zako nyingi.

Nina sababu mbili. Gurudumu la nyuma likiteleza, una nafasi. Utalihisi kiunoni, utapunguza eksileta, pikipiki itajinyoosha. La mbele likiteleza, mara nyingi uko chini kabla hujajua kilichotokea. Sababu ya pili ni ya mfuko. La nyuma ndilo linalosukumwa na injini na kubeba abiria na mzigo, kwa hiyo hulika mapema, na lenye meno marefu hulika mapema zaidi. La mbele hudumu. Ukiweka meno ya wazi mbele, gharama haiongezeki sana kwa mwaka. Ukiyaweka nyuma kwa mtu anayetoka Kisumu kwenda Busia kila wiki, atarudi kwangu upesi na kati kati ya tairi pamebaki tambarare.

Kwa hiyo afisa wetu wa Nyakach, ambaye wafugaji wote humwita daktari, mbele namfungia tairi la wazi la aina ya Pirelli MT21 au Continental TKC80, na nyuma tairi la vipande vilivyobanana, la aina ya Dunlop D605. Hoja ni umbo. Ukipata kampuni nyingine yenye umbo hilo na mpira mzuri, chukua. Gharama ya mpango huu nimwambie wazi: tairi hilo la mbele litamlazimu kufunga breki mapema kwenye lami yenye maji, pikipiki ikiwa imenyooka. Mwalimu wa Nandi Hills, ambaye safari yake karibu yote ni lami na murram nzuri, simwekei meno makubwa popote. Na anayeshinda kwenye mashamba ya mpunga msimu wote wa mvua apate meno ya wazi mbele na nyuma, akubali kuyanunua mara nyingi.

Kinyume chake sikifungi: nyuma meno makubwa, mbele tairi lililoisha. Nakiona kila msimu, na ninaelewa kinakotoka. Gurudumu la nyuma ndilo linalokwama na kuzunguka bure, kwa hiyo mtu anaona tatizo liko nyuma. "Fundi, weka meno nyuma, hiyo ya mbele bado inasukuma." Tairi la mbele halisukumi, ndugu yangu. Linaelekeza na kusimamisha. Ukiwa na pesa ya tairi moja na yote mawili yamechoka, na hasa kama unambeba mtu, anza na la mbele.

Ubavuni mwa tairi pameandikwa mengi ambayo wauzaji wengi hawayasomi. Kwenye 110/90-17, 110 ni upana kwa milimita, 90 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo, 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kipenyo hakina mjadala. Upana watu huuchezea. Kwa kuwa tairi la bodaboda la 3.00-17 linapatikana kila duka, kuna wanaolifunga kwenye rimu ya nyuma iliyotakiwa 110/90-17. Linaingia, lakini limenyooshwa, limekaa chini, na rimu imeachwa wazi kwa mawe. Kupanua kupita kiasi nako ni kosa: tairi pana kwenye rimu nyembamba hujikunja likawa la mviringo mkali, na linaweza kusugua cheni.

Baada ya ukubwa hufuata tarakimu ya mzigo na herufi ya mwendo, kwa mfano 51P. Hesabu hii ifanye mwenyewe. Pikipiki ya kilo 130, wewe kilo 75, abiria 70, mzigo 20: jumla 295. Ukiwa na abiria, takriban theluthi mbili hukaa gurudumu la nyuma, yaani karibu kilo 197. Tairi la 51 mwisho wake ni kilo 195. Tayari umelipita, hata kabla ya kuingia shimo la kwanza. La 57 linabeba 230, na hilo ndilo ningekufungia. Herufi P ni kilomita 150 kwa saa, ambazo kwa pikipiki hizi zinatosha kabisa.

Tafuta pia kisanduku chenye tarakimu nne. 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Tairi lililokaa dukani miaka mingi, hasa likianikwa juani barazani, hukauka na kupoteza mshiko hata kama lina vinyweleo vya kiwandani. Mwombe muuzaji akuonyeshe tarehe kabla hujatoa pesa. Na ukiona mshale, ufuatwe. Baadhi ya matairi yana mishale miwili, mmoja wa kufunga mbele na mwingine wa nyuma.

Sasa upepo, ambao kwa maoni yangu hubadilisha tabia ya skrambla kuliko kuhama kampuni. Nimeona tairi zuri likilaumiwa wakati kosa ni upepo tu. Kwenye lami, kwa pikipiki ya ukubwa huu, huwa naanzia PSI (kipimo cha upepo kwenye geji) 22 hadi 25 mbele na 28 hadi 32 nyuma nikijua kuna abiria, kisha nalinganisha na kibandiko cha pikipiki yenyewe. Kwenye tope nashusha hadi 16 au 18. Tairi hulala kidogo, hugusa eneo kubwa zaidi, na meno hupata kucheza, ndipo yanapotupa udongo. Kwenye mawe sishushi hivyo. Tairi laini likigonga jiwe hubana tyubu dhidi ya rimu na kuitoboa matundu mawili yanayotazamana. Ukiona matundu mawili namna hiyo, usitafute mwiba, ongeza upepo. Nawe ukirudi lami, urudishe upepo. Tairi legevu lenye mzigo, kwa mwendo wa kasi, kwenye joto la bondeni, hupata moto ndani na kuharibika bila kuonekana nje.

Pima asubuhi, pikipiki haijatembea wala haijasimama juani. Nunua geji yako ndogo, maana ya kituo cha mafuta imeangushwa na kila mtu. Wanaopanda kutoka Kisumu, takriban mita 1,130, hadi Timboroa kwenye zaidi ya mita 2,700, huniuliza kama wabadilishe upepo. Huko juu hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo geji hupanda kama PSI 2, lakini baridi hushusha karibu kiasi hicho hicho. Uache ulivyo.

Rimu nyingi za spoku zinataka tyubu, kwa hiyo tairi zuri juu ya tyubu yenye viraka saba ni kazi bure. Tairi jipya, tyubu mpya, na ile nzito ikipatikana, hasa kwa anayepita kwenye migunga ya Homa Bay. Ukitembea na upepo mdogo, tairi huweza kujisogeza polepole juu ya rimu na kuvuta tyubu. Ndiyo maana nati ile ya valvu siikazi dhidi ya rimu. Naipandisha juu hadi kwenye kifuniko. Valvu ikianza kulala upande utaiona mapema, badala ya kung'oka shinani. Safarini, kama gurudumu lako la mbele ni la inchi 21, beba tyubu yake. Kwa dharura huweza kukunjwa ikaingia gurudumu la nyuma la 18 na kukufikisha nyumbani; ya nyuma haiwezi kukufanyia hivyo mbele.

Tairi likishafungwa, zungusha gurudumu na tazama ule mstari mwembamba ulio karibu na rimu. Uwe sawa pande zote. Ukizama mahali, toa upepo, paka maji ya sabuni, jaza tena hadi lipige mlio wa kukaa kwenye rimu. Kilomita 100 za kwanza nenda taratibu, usilaze pikipiki kwenye kona wala kubana breki ghafla, kwa sababu mpira mpya bado una utelezi wa kiwandani. Baada ya hapo rudi kwa fundi wako akaze spoku na apime upepo upya, tairi likiwa baridi.