Mgongano wa njia za mkato za kibodi ni nini?

Bonyeza Ctrl+D ukiwa kwenye Chrome, ukurasa unaousoma utawekwa alamisho. Bonyeza hiyohiyo ndani ya Excel, na kilichomo kwenye seli ya juu kitashuka hadi seli za chini ulizozichagua. Kwenye Word litafunguka dirisha la fonti. Kwenye Outlook, barua pepe uliyoiteua itafutwa. Ukiwa kwenye terminali ya Linux (dirisha la kuandikia kompyuta amri) na hujaandika kitu, utakuwa umeiambia kazi imekwisha, nayo itajifunga. Vitufe ni vilevile viwili.

Njia ya mkato, au shotikati kama wengi wanavyoiita ofisini, ni mchanganyiko wa vitufe unaofanya kazi ambayo ungeifanya kwa kuzunguka kwenye menyu na kipanya. Mgongano unatokea pale mchanganyiko mmoja unapodaiwa na zaidi ya kazi moja. Lakini migongano iko ya aina mbili, na watu wengi huitia kapu moja. Darasani wakiwemo akina Juma wawili, mwalimu akiita "Juma!" ataitika aliye mwepesi, mwenzake abaki kimya. Juma wa darasa la tano na Juma wa darasa la sita, kwa upande mwingine, hawana ugomvi wowote. Anayetatizika ni mwalimu wa madarasa yote mawili. Ctrl+D ni hao Juma wa madarasa tofauti. Kompyuta haichanganyikiwi hata kidogo, kwa kuwa inajua ni dirisha gani liko mbele. Wanaochanganyikiwa ni vidole vyako.

Mgongano wa kweli ni ule wa kwanza, na ili kuuelewa inabidi ujue kitufe kikibonyezwa habari inapita wapi. Haiendi moja kwa moja kwenye programu unayoitazama. Mfumo endeshi, kama Windows au Linux, unaipokea kwanza, na baadhi ya michanganyiko unajiwekea wenyewe: kwenye Windows hakuna programu ya kawaida itakayoipora Ctrl+Alt+Delete. Baada ya hapo zinafuata njia za mkato zilizosajiliwa na programu kwa ajili ya kompyuta nzima, hata kama programu yenyewe imejificha nyuma na dirisha lake hulioni. Ndipo zamu ya programu iliyo mbele inapofika. Ikiwa ni kivinjari, kuna ngazi nyingine tena, kwa sababu tovuti iliyo ndani yake nayo ina njia zake za mkato. Google Docs inaidaka Ctrl+S kabla Chrome haijaanza kukuuliza ukurasa uhifadhiwe wapi. Lakini Ctrl+W Chrome haiiachii tovuti. Kichupo kitafungwa tu.

Vita vingi viko kwenye ile ngazi ya pili. Windows ina utaratibu mkavu: programu ikishasajili mchanganyiko, nyingine ikija kuuomba inakataliwa. Aliyewahi ndiye mwenyewe. Tazama Alt+Space. Kwa miaka mingi ilikuwa ikifungua kimenyu cha dirisha, chenye amri za kusogeza, kupunguza na kufunga. PowerToys Run, programu ya Microsoft ya kutafutia na kufungulia vitu, ikaichukua kufungulia kisanduku chake cha kutafutia. Kisha programu ya ChatGPT ya Windows ikaja na hiyohiyo, na Copilot, msaidizi wa AI wa Microsoft, nayo ikaitaka. Mtu mwenye zote tatu anaweza kupata jibu moja leo na jingine kesho, kutegemea ipi imetangulia kuwaka. Hapo ndipo fundi anapoitwa kuja kuondoa "virusi".

Kisa kingine kinachofanana na hicho ni Alt+Z. Kwenye VS Code, programu ya kuandikia msimbo, inakunja mistari mirefu isipite ukingo wa dirisha. Kwenye kompyuta zenye kadi ya picha ya Nvidia, ilikuwa pia ndiyo inayofungua paneli ya kurekodia michezo. Na yeyote aliyewahi kusimamia chumba cha kompyuta ameshaona kioo kilichopinduliwa juu chini: madereva (programu za kuendeshea vifaa) ya zamani ya picha ya Intel yalizungusha skrini kwa Ctrl+Alt na mishale, wakati IntelliJ, nayo ya kuandikia msimbo, inatumia Ctrl+Alt na mishale ya kushoto na kulia kumrudisha mtu pale alipokuwa kwenye msimbo, au kumsogeza mbele.

Kwa nini basi watengeneza programu wasikubaliane? Walijaribu, ila walichelewa. Kwenye terminali, Ctrl+C imekuwa ya kusimamisha programu tangu zamani, kabla ya madirisha na kipanya kufika kwa watu. Kunakili na kubandika kulitoka kwa Larry Tesler na wenzake pale Xerox PARC, kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, miaka ya 1970, na Apple ikazipanga Z, X, C na V kwenye kompyuta ya Lisa mwaka 1983. Apple walikuwa na kitufe chao cha pekee cha amri, hivyo mpaka leo kwenye Mac Command+C inanakili na Control+C inasimamisha programu, kila moja na njia yake. Upande wa PC, IBM walitoa kanuni zao mwaka 1987: Ctrl+Insert kunakili, Shift+Insert kubandika. Baadaye Windows ikazileta zile herufi za Apple juu ya Ctrl, bila kuzitupa za IBM. Jaribu Shift+Insert kwenye Notepad sasa hivi, itabandika.

Waliobaki na mzigo ni watu wa terminali. Kwa kuwa Ctrl+C ilishashikwa, terminali nyingi za Linux zinanakili kwa Ctrl+Shift+C. Ukizoea hiyo, ukahamia Chrome kunakili kitu, linafunguka dirisha la watengeneza tovuti. Ctrl+S ni mbaya zaidi: kwenye terminali inasimamisha maandishi yasitoke, na asiyejua hudhani mashine imeganda. Dawa yake ni Ctrl+Q. Ila usiizoee sana, maana kwenye Firefox ya Linux Ctrl+Q inafunga kivinjari kizima.

Lugha nazo zinaongeza kuni. Word ya Kihispania inafuata herufi za Kihispania: Ctrl+G inahifadhi na Ctrl+N inakoleza maandishi, wakati Word ya Kiingereza Ctrl+N inafungua hati mpya. Kwenye Windows, kitufe cha AltGr (Alt ya kulia kwenye kibodi nyingi za Ulaya) huhesabiwa kuwa Ctrl na Alt kwa pamoja, na Wapolandi huandika herufi ś kwa AltGr+S. Medium, tovuti ya kuandikia makala, iliwahi kuzuia Ctrl+S ili mwandishi asisumbuliwe na dirisha la kuhifadhi, na bila kukusudia ikazuia na herufi ya watu.

Wanaoumia kuliko wote ni wasioona, ambao kompyuta yao yote ni kibodi. Kisoma skrini, programu inayowasomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini, kina amri zake nyingi, na kingezipanga juu ya Ctrl na Alt pekee kingegombana na kila programu. Ndiyo maana kisoma skrini kiitwacho NVDA kinatumia Insert kama kitufe chake. Hata hivyo imewekwa NVDA+F2 (yaani Insert+F2), inayosema: kitufe kinachofuata usikiguse, kipeleke kwenye programu. Natamani kila programu inayosajili vitufe vya kompyuta nzima ingekuwa na mlango kama huo.

Ukikuta njia ya mkato haifanyi kazi, angalia kwanza inakosea vipi. Ikifanya jambo lisilohusiana kabisa na programu iliyo mbele yako, mshukiwa ni programu iliyojificha nyuma. Zifunge moja moja kutoka kwenye zile ikoni ndogo karibu na saa, ukijaribu tena kila mara. Isipofanya lolote, huenda kuna aliyeidaka akanyamaza, au umebadili kibodi bila kujua: kwenye Windows yenye kibodi zaidi ya moja, kama Kiarabu na Kiingereza, Alt+Shift huwa inahamisha lugha. Na ukishampata mgomvi, badilisha njia ya mkato ya yule aliyesajili kwa kompyuta nzima, si ya programu unayofanyia kazi, kwa sababu yeye anazinyima programu zote na si hiyo moja tu. Kwenye PowerToys sehemu hiyo iko kwenye mipangilio ya PowerToys Run, na unabonyeza tu mchanganyiko mpya unaoutaka.