Nitumie ufunguo wako, lakini si ule

Juzi nilimsaidia bwana mmoja kusakinisha GnuPG, programu ya kufunga barua pepe ili asome mlengwa tu, kisha nikamwomba anitumie ufunguo wake. Akautuma upesi. Kufungua kiambatisho, mstari wa kwanza ukasomeka: BEGIN PGP PRIVATE KEY BLOCK. Lo! Kanipa ufunguo wa siri, ule unaofungua barua, badala ya mwenzake katika jozi, ufunguo wa umma. Ikabidi aubatilishe na kutengeneza jozi nyingine.

Simlaumu. Neno lenyewe linapotosha, maana ufunguo wa umma hauifungui barua, unaifunga tu, na aliyeifunga hawezi tena kuifungua. Ndiyo sababu programu nyingi huifunga nakala yako kwa ufunguo wako pia, la sivyo folda ya barua ulizotuma ingejaa maandishi usiyoweza kuyasoma mwenyewe. Basi ufunguo wa umma mpe yeyote. Ule wa siri haumhusu mtu mwingine, hata mimi ninayekufundisha. Weka nakala yake mahali salama nje ya kompyuta, kwa sababu ukipotea, barua zote ulizofungiwa kwa jozi hiyo zimekwenda nao. Hakuna pa kubonyeza "nimesahau nenosiri".

Swali lake la pili lilikuwa: je, naweza kumpa rafiki programu yenyewe, au nitakuwa nimeiba? Mpe. GnuPG ni programu huria chini ya leseni ya GPL, na kunakili kunaruhusiwa. Hofu yake ina historia, lakini. Phil Zimmermann alipotoa PGP, programu iliyoitangulia GnuPG, mwaka 1991 na ikasambaa nje ya Marekani, serikali ya huko ilimchunguza kwa miaka kadhaa, kwa kuwa programu za usimbaji, yaani za kuficha maandishi, zilihesabiwa sawa na silaha zinazosafirishwa nje. Uchunguzi ulifungwa mwaka 1996 bila mashtaka. Hata hivyo, mimi humwelekeza rafiki aipakue mwenyewe kwenye tovuti ya watengenezaji. Nakala iliyopita kwenye flashi tano haijulikani imeguswa na nani.

Na ili mwandikiane kwa siri, rafiki lazima naye awe na jozi yake. Anayetumia Thunderbird, programu ya barua pepe, hahitaji nyongeza tangu toleo la 78, la mwaka 2020. Ila jueni kwamba kinachofichwa ni maandishi ya barua. Nani kamwandikia nani, na saa ngapi, huonekana njiani, na mara nyingi kichwa cha barua pia. Usiandike siri hapo.

Lililobaki ni kuhakikisha ufunguo uliopokea ni wa mwenyewe kweli, si wa mjanja aliyetumia jina lake. Kila ufunguo una alama yake ya utambulisho, kwa kawaida herufi na tarakimu 40. Mimi na yule bwana tulisomeana za jozi yake mpya kwa simu, nne nne. Kundi la saba akatamka B, mimi naona D. Nikashtuka, nikamwomba arudie polepole. Ilikuwa D, laini ndiyo mbovu.